Risiti ya Trekta

Nusu ya bei tulichanga sisi,
nusu serikali; risiti ndivyo inavyosema.
Trekta likaja Saninga masika yameshakolea,
mpunga wa jembe la mkono umefika magotini.

Sisi tulitaka kugomba.
Time Kombo, mshika fedha, akampa dereva uji,
akangoja bakuli liishe,
ndipo akafungua daftari:
"Tia hapa tarehe uliyofika.
Kwa wino, mwanangu. Penseli inasahau."

Daftari lile limekwenda Wete mara tatu, kwapani.

Mwaka huu mawingu hayajakusanyika
na ngurumo tunaisikia barabarani.
Watoto wa skuli wamelikimbilia trekta.
Time yumo ndani bado,
anatafuta kalamu.