Kidole Gumba

Damu naijua. Miaka ishirini na sita Vingunguti,
tangu machinjio yakiwa na bomba moja la maji.
Najua ya mbuzi hukaa muda gani kwenye beseni
kabla haijaanza kutetemeka kama uji uliopoa.
Najua ya ng'ombe aliyekimbizwa barabarani
hushika upesi, nyeusi, kama ina hasira.

Yangu ndiyo sikuijua.

Juzi kisu kiliteleza mfupani, kikanila kidole gumba.
Jeraha dogo, la kucheka. Nikalibana kwa kitambaa,
nikahesabu kama ninavyohesabu vichwa zizini:
sitini. Mia. Mia mbili na ushee.
Hazari akasema, "Mzee, mbona haikomi?"
Nikamwambia ni vidonge. Akaguna.
Vya mama yake viko kabatini, havinywewi.

Chaurembo ndiye aliyekuwa akinishauri niviache.
"Presha ni maji kwenye mpira," alisema,
"ukiona umetuna, legeza koki. Basi."
Yeye alilegeza kwa kitunguu saumu na kwa kutonuna.
Ijumaa moja asubuhi, anapima maini kilo mbili,
mdomo ukaenda upande,
jiwe la mizani likamtoka mkononi.
Sote tukasema: mshipa umepasuka.

Daktari Nkwabi, pale Amana, alinichorea
nyuma ya kadi yangu ya kliniki
mtaro wa Jangwani baada ya mvua.
"Wengi mnangoja kingo zibomoke. Lakini tazama:
maji yakizipiga mwaka hata mwaka, ukuta huchubuka,
palipochubuka taka hunasa,
na siku moja ni chupa moja tu. Kumeziba."

Kumbe Chaurembo hakupasuka. Aliganda.
Bonge la damu, dogo kuliko punje ya choroko,
na mimi huku nayazoa kwa ndoo.

"Na hivi vidonge vinaigusa damu yenyewe?"
Akafikicha macho. Kile kidogo cha pili, alisema,
hiyo ndiyo kazi yake, na gumba lako ndilo shahidi.
Hiki cha presha humlegezea mshipa kamba;
ukuta ukipumzika, damu nayo
haina haraka sana ya kushikamana.
"Mengine," akasema, "bado tunayasoma."
Nilimpenda kwa hilo neno la mwisho.
"Lakini usiache. Ukijikata, bana, subiri.
Isipokoma, njoo."

Leo Hazari kaniuliza, hanitazami, ananoa:
"Hivi vidonge vikikaa sana kabatini, vinaharibika?"
Sikumjibu. Nikamfungua aproni,
nikamwambia aende Kiwalani akamchukue mama yake,
nyama haina miguu, itamsubiri.

Nimebaki na beseni la wale wa chakula cha kuku,
naikoroga damu kwa fimbo isigande,
mkono wa kushoto,
gumba la kulia limefungwa, limeinuliwa juu
kama mtoto anayejua jibu darasani
na mwalimu hamwoni.