Silinda ya Tatu

Uyole, saa moja asubuhi, Julai.
Baridi imeshika spana kabla ya mkono wangu.
Mwalimu Anyitike kaja na Korola yake:
"Ikikimbia ni nzima. Ikisimama, homa."

Bosi Gwakisa hafungui sanduku la zana.
Anaweka kikombe cha chai juu ya betri,
chai inatetemeka, inamwagikia upande mmoja.
"Inamisi. Mtafute asiyefanya kazi."

Nachomoa koili, mojamoja, injini ikiunguruma.
Ya kwanza: gari linayumba, nusura lizime. Narudisha.
Ya pili vilevile, linalalamika.
Ya tatu,
hakuna kitu. Mtetemo uleule.
Nimemwondoa, na hakuna aliyeuliza.

Nilikaa hivyo darasani kwa Mwalimu, miaka minne,
dawati la nyuma, karibu na dirisha bovu.

Plagi inatoka nyeusi, imelowa petroli,
kaure yake ina ufa mwembamba kama unywele.
Tunaweka mpya. Homa inapungua, haiishi.
Bosi ananinyamazisha kwa kidole:
ssss,
huko chini ya manifodi,
mpira wa hewa umepasuka kwa uzee na baridi.
Nakata kipande kingine, nakaza klipu mbili.

Mwalimu, aliyekuwa akipuliza viganja kibarazani,
anageuka. "Mbona mmeizima?"

"Weka mkono hapa, kwenye madigadi."

Anaweka. Anakaa nao kitambo.
Kisha ananitazama, anauliza jina langu.

Namtajia bei ya plagi.