Kiatu cha Kulia

Miaka sita Thavamalar alikitunza
kiatu cha kulia, soli haijaonja vumbi;
cha kushoto kimelika hadi uzi.

Leo, kliniki ya msaada, Kilinochchi,
fundi anakaza skrubu: "Unabana?"
Mguu wa plastiki haujui kubanwa.
Kinachobana ni kiatu.
Unyayo wa wafadhili umezidi namba moja.

Akacheka. Akaomba wembe,
akapasua kisigino.

Jioni, cherehani ya mkopo usio na riba.
Pedali ngumu, na mguu haumwambii kitu,
basi anasikiliza sindano.
Uzi unakatika.
Anatunga tena.

Cha kwanza kushonwa si gauni la mteja:
ni turubai la hema walimolala,
sasa mkoba wa shule,
nembo ya msaada kichwa chini.