Nyumba ya Chini

Benki ilinituma Birere na futi ya chuma,
kalamu mbili, fomu ya kurasa nne,
na agizo lisilo na ukurasa wake:
usivuke elfu ishirini.
Hilo ndilo dari la mkopo wa nyumba;
juu ya hapo, mtu ajikune ajipatapo.

Mwenye nyumba anataka elfu ishirini na sita.
Mnunuzi ni Kanyere Siviholya, muuza vitenge,
mpangaji wa nyumba hiyohiyo miaka kumi na mmoja.

Nilipima. Vyumba vitatu, sebule, choo cha nje.
Kuta: mawe meusi hadi kiunoni, mbao kwenda juu.
Bati limeliwa upande wa volkano.
Paa, nikaandika, alama mbili kwa tano.

"Umemaliza?"
"Nimemaliza."
"Na ya chini?"

Akasogeza gunia la makaa.
Palikuwa na upenyo katika jiwe, mpana kama sahani.
Niliinama na tochi ya simu, nikaona
ubao wa juu wa dirisha, rangi yake ya buluu bado.

"Nyumba ya baba. Moto uliposhuka mlimani
tulikimbilia Gisenyi. Tuliporudi tulikuta jiwe,
soli zetu zikayeyukia juu yake.
Baba aliliuza kwa dola mia mbili na mbuzi.
Mbuzi hakufika Pasaka."

Nilitafuta mstari kwenye fomu.
Upo wa urefu, upo wa umbali kutoka lami,
upo hata wa mazuku, ile hewa inayoanza na kuku.
Wa nyumba chini ya nyumba haupo.

Thamani, tulifundishwa, ni kile ambacho mgeni angelipa
bila haraka, bila kushurutishwa.
Kanyere si mgeni. Na haraka anayo.

Niliandika elfu ishirini na mbili na mia tano.
Kwa hiyo benki itatoa asilimia themanini:
elfu kumi na nane.
Dari lenyewe hatukuligusa hata kwa kidole.
Elfu nane atazitafuta mwenyewe,
kitenge kwa kitenge, likelemba kwa likelemba.

Ulibaki mstari mmoja: Msingi.
Nikaandika: upo.
Mkubwa wangu atauliza wa nini.

Kanyere alirudisha gunia mahali pake,
akaniomba nisimame kando kidogo;
hapo, alisema, ni juu ya kitanda cha mama.
Nikasogea.