Mnong'onezi

Jumatatu na Jumatano, saa kumi na robo,
bwalo la shule yetu pale Malindi bado linanuka maharagwe,
tunaziburuta benchi ukutani, kelele hadi ofisini,
na Mwalimu Tsofwa anapiga kofi moja:
"Haya, wanangu. Kijiji."
Basi sakafu yenye punje za mahindi inakuwa kijiji.

Kila mtu alikuwa na chake.
Wachezaji wa mwanzele walifunga njuga kwa kamba za viatu,
Jumwa akilalama hando limembana,
maana lilishonwa kwa shuka la bweni, na bweni ni wembamba.
Kwaya walijifungia maabara,
wakipanda sauti kama ngazi iliyokosa kipago cha tatu.
Lali, Baba Mwenye Shamba, alivaa ndevu za katani,
zikamwasha hata akawa mkali kuliko alivyoandikiwa.
Na Shekuwe alikuwa Binti.
Shekuwe wa mtaa wa Shela,
aliyeweza kulia jicho moja tu, lile la upande wa watazamaji.

Mimi nilikuwa na daftari.
Mnong'onezi: kazi ya kukaa nyuma ya pazia
(pazia lenyewe la ofisi ya mkuu, na doa lake la chai)
na kuyajua maneno ya wote bila kuwa yeyote.
Nilikuwa Baba nikisugua sufuria.
Nilikuwa dalali njiani, peke yangu, nikijipandishia bei.
Mama akaniuliza, "Nyevu, na wewe ni nani humo?"
Nikasema, "Mimi ni wakisahau."
Akanitazama, akaendelea kupepeta mchele.

Ikafika siku ya mashindano, Kilifi.
Ukumbi umefurika, feni mbili, moja imekufa,
majaji watatu na chupa zao za maji.
Tulianza vyema. Dalali alichekesha,
Lali akajikuna ndevu kwa heshima.
Kisha Binti akapiga magoti kando ya kaburi la boksi,
akafumbua kinywa:

*Baba, huliuzi shamba, wauza kaburi lake*

na pakawa kimya.
Si kile tulichokifanyia mazoezi, cha kuhesabu tatu.
Kile kingine.
Niliiona shingo yake ikimeza mate.
Nikasogeza mdomo penye upenyo, nikampulizia:

*Bibi chini anaimba, amtaja mwana wake.*

Nisichokijua ni kwamba fundi wa vyombo
aliegesha maikrofoni pale pale pazia linapokutana,
na hakuizima.
Ukumbi mzima ukanisikia.
Sauti yangu yenye mafua, yenye vumbi la safari,
ikatoka kwenye spika mbili
kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamtosha.
Mama mmoja safu ya mbele akasema, "Audhubillahi!"
Lali akaanguka. Haikuandikwa popote kwamba Baba anaanguka.
Naye Shekuwe akalaza sikio juu ya boksi, polepole,
akaitika, "Labeka, bibi,"
na safari hii akalia macho yote mawili.

Tulishika nafasi ya tatu.
Karatasi ya jaji, chini ya matamshi na miondoko,
ilikuwa na mstari wa wino mwekundu:
*Sauti ya marehemu: nywele zilinisimama.
Mwigizaji hakutajwa.*
Mwalimu Tsofwa aliisoma mara mbili,
akaniangalia, akakohoa kicheko ndani ya leso.

Jumatatu, bwalo tena, maharagwe tena.
Shekuwe akaja na bakuli lake, akaketi karibu nami.
"Miezi mitatu," akasema, "unaninong'oneza,
na jana kutwa nawaza: sikuijua sauti yako.
Nilidhani ni bibi. Bibi yangu hasa, wa Shela."
Kijiko chake kilikuwa kimesimama hewani.
Mimi ninayejua maneno ya wote
nikapekua, nikapekua, sikupata langu.
"Kula," nikamwambia. "Yanapoa."