Uzito wa Gunia

Mimi ndiye karani wa mizani pale Mahuta,
chama cha msingi, ghala la bati jekundu.
Msimu wa korosho wakulima hawanitazami uso,
wananitazama mkono.
Gunia linapanda, mshale unatetemeka, nangoja utulie,
kisha natoa kilo moja ya gunia lenyewe.
Hakuna anayebisha.
Gunia haliliwi wala halina daraja,
lakini bila gunia korosho ni za kumwagika.

Februari, ghala tupu, panya na vumbi tu,
nilivua viatu nikapanda mwenyewe.
Tisini na moja.
Nikashuka, nikavua khanga ya juu, nikapanda tena.
Tisini na moja, na nukta ambazo sikuziandika.

Ndani ya mlango wa kabati
nilikuwa na namba ya chaki: 58.
Ni kilo za Shamsa, binti wa mama mdogo,
yule wa Mtwara mjini, mwenye mikono kama mabua ya mtama,
tunayemshonea gauni kwa kipande kilichobaki.
Niliacha ugali siku tisa.
Siku ya kumi nilikula ming'oko ya watu watatu
nimesimama jikoni, taa nimezima,
kama mwizi aliyevunja nyumba yake.

Nesi Auleria alipima presha, akapima tena,
hakupiga kelele.
"Shika kifundo cha mkono wako," akasema,
"kidole gumba na cha kati, vikutane."
Havikukutana.
Vilitazamana kwa mbali
kama ndugu waliogombea mikorosho.
"Mfupa mpana," akasema, akaandika.
"Sasa hiyo hamsini na nane umeipata wapi?"
Nikamwambia: kabatini.
Akacheka mpaka akashika meza.
Kisha akauliza, taratibu,
nilikuwa na kilo ngapi mwaka ule
nilipoweza kupanda kutoka bondeni
na ndoo kichwani, huku naongea.

Huku naongea.
Neno hilo nilirudi nalo nyumbani.

Maana nakumbuka. Bomba lilikuwa bado.
Bibi Nantende mbele, mimi nyuma, njia imesimama wima kama ukuta,
na mdomo wangu haukupumzika hadi juu,
nikiwasema watu wa chini na wa juu.
Bibi alikuwa na mabega ya mlango wa ghala.
Hata alipougua miezi minane, akaisha nyama yote,
waliombeba walipokezana njiani.
Shamba lake walichukua wajomba.
Mimi nilirithi mifupa.

Sisi tunawajua watu wa kangomba,
wanaokuja usiku na bakuli lao
wakiliita kilo.
Unajaza, unajaza, halijai,
unabaki unajiona mvivu
kumbe kipimo ndicho kilichokuibia.
Nimewafukuza mara ngapi mlangoni kwangu?
Na kabatini nilikuwa nimemtunza mmoja, miaka minne,
namfungulia kila asubuhi nikitafuta blauzi.

Nilifuta kwa khanga yenye maji.
Nane haikutoka vizuri, bado ipo kidogo.
Chini yake nikaandika kwa penseli, si chaki, si wino:
themanini na sita, kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa.
Nesi anasema hata hizo tano tu presha itazisikia.
Baada ya hapo sabini na nane, mwakani, au themanini,
tutaona magoti yatasemaje.
Ugali wa muhogo upo, ngumi moja, si mbili.
Soda ya saa nne nimeiacha, na hiyo ndiyo iliyoniuma.
Jioni natembea hadi njia panda ya Tandahimba
nikiongea peke yangu kwa sauti,
watu wadhani nimechanganyikiwa.
Pumzi ikikatika katikati ya sentensi, nasimama,
naimalizia sentensi, naendelea.

Jana Shamsa alipiga simu.
Salamu fupi, kisha: "Dada, nasikia unajipunguza.
Umefika kilo ngapi?"
Nikamuuliza:
pamoja na gunia,
au nitoe?