Spana Namba Kumi na Tatu

Walipomuosha, kaka alinisimulia,
walizisugua kucha zake kwa ndimu na brashi
hadi Mzee Mwinyikai akasema: basi, wacheni,
hiyo si taka, hiyo ni kazi yake.
Baba akaenda nayo,
girisi ya Shimanzi ndani ya sanda.

Gereji yake haikuwa na bango.
Ukiuliza, nyuma ya maghala ya chai,
uliambiwa: fuata ngurumo inayonyamaza.

Shaibu wa Mwakoyo hakuwa mtu wa maneno.
Aliweka mpini wa bisibisi sikioni,
ncha juu ya injini, akafumba macho
kama mtu anayesomewa barua.
Usiku, pumu ilipombana mama,
aliliinamisha sikio lile lile mgongoni pake,
akahesabu, akasema, "Itashika. Vuta polepole."
Nasi nyuma ya pazia
tukaanza kupumua.

Mimi nilikuwa mshika kurunzi.
"Mwanga, Mejumaa! Si usoni pangu, pale kwenye nati."
Siku moja akanipa spana namba kumi na tatu,
nikakaza kwa nguvu zangu zote, ulimi nje.
Akanishika kifundo cha mkono:
"Mkono ukisikia imekaa, wacha.
Ya kuzidi hukata uzi."
Usemi huo niliingia nao kwenye ndoa.
Umenifaa kuliko mahari.

Daftari lake la madeni tumelifungua juzi.
Pijo nyeupe, klachi, elfu tatu: amefiwa na mke, asidaiwe.
Lori la Mariakani, breki: atalipa mahindi yakikubali.
Bajaji ya Chengo: nimesahau.
Yeye, aliyejua kwa moyo
namba ya kila gari lililowahi kupita mikononi mwake.

Na uani bado iko ile Datsun aliyomuahidi mama,
miaka kumi na tisa juu ya mawe.
Kuku hutaga kiti cha nyuma.
Ndani yake tulifika Tanga, tukafika Lamu, hata Maka,
yeye kwenye usukani, ametoka kazini, hajala,
akibadilisha gia kwa mdomo.
Haikuwaka hata siku moja.
Mama hataki iuzwe.

Leo asubuhi pikipiki ya jirani ilikohoa mara mbili.
"Plagi," nikasema,
nikageuka
nione kama nimepatia.